Mgeni na Jembe: Shule ya Mjini katika Maandishi ya Vassanji na Kezilahabi

I

Wahenga walisema ya kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kucheka, kana kwamba ni hila ya kumwondoa mtu aliyekawia nyumbani mwa watu. Walakini mwenye kuitazama kwa makini ataona ya kuwa haisemi mgeni afukuzwe. Yasema apewe jembe. Mtu hapewi jembe ila alime, wala halimi pasipo shamba. Na aliyelima shamba kwa jasho lake hawezi kuitwa tena mgeni wa shamba lile, maana mavuno yana haki yake ndani. Siku ya kwanza na ya pili ni siku za heshima. Siku ya tatu ni siku ya udugu.

Nataka kuitumia methali hii kuwa kipimo cha jambo linalowashughulisha walimu na wazazi wa mji wa Dar es Salaam: namna gani mtoto wa kabila, dini, lugha au asili iliyo mbali na ya wenzake apate kujiona ya kuwa shule ni yake. Hoja yangu ni moja. Kumfungulia mtoto mlango si kumfanya mwenyeji. Shule zetu zimefanya kazi kubwa ya kufungua milango, na kazi hiyo yastahili sifa. Lakini nyingi zimesimama katika siku ya pili. Humpa mtoto sare, dawati na wimbo, kisha hazimpi jembe. Ama humpa jembe kwa amri, bila ya kumwonyesha lipi shamba lake.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la shule lihukumiwe na mtu wa fasihi. Jibu ni kwamba sheria na taarifa hutuambia ni watoto wangapi walioingia darasani. Hazituambii walijionaje walipokwisha kuketi. Habari hiyo imehifadhiwa na waandishi wa hadithi. Nimechagua wawili ambao si desturi kuwaweka katika mizani moja: M. G. Vassanji, aliyeandika kwa Kiingereza habari za wenye maduka wa Kihindi wa Kariakoo, na Euphrase Kezilahabi, aliyeandika kwa Kiswahili habari za vijana wa Ukerewe. Mmoja ni wa pwani, wa pili ni wa ziwani. Walakini katika habari ya shule wanatoa ushahidi unaofanana.

II

Yafaa kwanza tulifahamu shamba lenyewe.

Kariakoo ni mtaa uliozaliwa na wageni. Jina lake limetoka katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliwaweka wapagazi hao katika eneo la soko lililojengwa na Wajerumani, na ulimi wa watu ukalifinyanga jina la kigeni mpaka likawa letu. Vibao vya mitaa vyasimulia habari hiyo hiyo: Nyamwezi, Sukuma, Swahili, Kongo, Pemba, Mafia, Likoma. Mtaa wa Aggrey wamkumbusha mtu James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na tume ya Phelps-Stokes kuchunguza elimu ya Waafrika. Mtaa wa Lumumba una jina la kiongozi wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Ni mitaa michache ya mji duniani inayoweza kusomwa kama orodha ya majina ya darasa, hii yaweza.

Utawala wa kikoloni uliitazama hali hiyo kwa jicho lingine. Sokoni watu walichanganyika kwa sababu ya haja. Shuleni walitengwa kwa sababu ya amri. Palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila aina na fedha yake na walimu wake, na kadiri rangi ilivyokuwa nyeusi ndivyo fedha ilivyokuwa chache. Mji nao ulikatwa vipande vitatu kwa kanuni za ujenzi, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kuwa mpaka. Mpaka huo haukuwa ukuta, kwa kuwa wenye maduka wa Kihindi waliuvuka wakaishi Kariakoo pamoja na wateja wao. Basi ikawa watoto waweza kukaa nyumba mbili zinazotazamana, wakanunua karanga kwa mama mmoja, wakatukanana na kupatana kwa Kiswahili kimoja, na kulipokucha kila mmoja akashika njia ya shule ya rangi yake. Shule ndiyo iliyowafundisha ya kuwa wao si wamoja. Neno hili lazima tulishike, maana twazoea kusema kwamba ubaguzi huletwa shuleni kutoka nyumbani. Hapa Kariakoo shule iliupeleka nyumbani.

Baada ya Uhuru jambo hili lilikuwa miongoni mwa mambo ya awali kurekebishwa. Tangu tarehe 1 Januari 1962 ubaguzi wa rangi shuleni ulikomeshwa na mpango wa elimu ukawa mmoja. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 Serikali ikachukua shule nyingi zilizokuwa mikononi mwa madhehebu na jamii za watu. Shule za Aga Khan za wavulana na za wasichana zikawa Tambaza na Zanaki, na ile ya watawa wa Mtakatifu Yosefu ikawa Forodhani. Sijui nchi nyingi zilizofanya mengi namna hii kwa miaka michache namna ile, wala si adili kwa mtu wa leo, aliyekua katika kivuli cha mti huo, kuukejeli mti. Walakini sheria ina mpaka wake. Yaweza kuamuru ya kuwa watoto wawili waketi dawati moja. Haiwezi kuamuru ya kuwa kila mmoja amwone mwenzake ni mwenyeji wa dawati lile. Hapo sheria inapokoma ndipo mwandishi anapoanza.

III

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950 akalelewa Dar es Salaam, kisha akaenda kusoma Marekani na kukaa Kanada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989, na mkusanyo wa hadithi fupi, Uhuru Street, ukafuata mwaka 1991. Uhuru ndio mtaa ulioitwa zamani Kichwele, na hadithi nyingi za kitabu hicho zinauzunguka.

Katika riwaya, Salim Juma, msimulizi, anarithi gunia la vitu vikuukuu, na kila kitu kinachotoka guniani chaleta habari ya ukoo wake. Ndani ya habari hizo yumo Bibi Taratibu, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa, ambaye alimzalia babu mkuu wa ukoo mtoto wa kiume. Salim ni kizazi cha mtoto huyo. Maana yake ni nzito. Kijana ambaye mji wamhesabu kuwa mgeni ana damu ya nchi katika mishipa yake, na jamaa zake, ambao wangeweza kuitaja damu hiyo kuwa hati ya uenyeji, wameifunga guniani kwa aibu. Pande mbili zimesaidiana kumfanya mgeni: mji haukumwuliza, na nyumba yake haikumwambia.

Huu ndio uhodari wa kitabu. Hakimwonei Mwafrika wala hakimwonei Mhindi. Chaonyesha jinsi ugeni unavyotengenezwa kwa mikono ya watu wote wawili. Ila kina upungufu ambao mhakiki hana budi kuusema. Kwa sehemu kubwa Waafrika wa Kariakoo wanaonekana kutoka nyuma ya meza ya duka: wateja, watumishi, wapita njia. Jicho linatazama nje kupitia mlango, na mlango ni mwembamba. Twajua wanunuacho, hatujui sana wawazacho. Yawezekana kuwa huo ni ukweli wa maisha yenyewe, maana mtoto wa duka hakuoneshwa zaidi ya hayo. Lakini ikiwa ni ukweli, basi ni ushahidi juu ya shule iliyokuwa na nafasi ya kuupanua mlango na haikuupanua.

Mlango unafunguka mahali pamoja, wala si darasani. Salim anapelekwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, mahali ambapo vijana wa asili zote walilala bweni moja, wakala chakula kimoja na kufanya kazi za mikono pamoja. Ni huko anakomfahamu Amina, msichana Mwafrika, na kumpenda. Msomaji wa methali yetu hatashangaa. Mwandishi hakusema kwa maneno ya kuwa kazi ya pamoja ndiyo iliyowakutanisha, lakini amewaweka hapo, na mahali ambapo mwandishi anawaweka watu wake ni hukumu yake. Miaka ya kusoma haikumpa Salim rafiki wa namna hiyo; muda wa kambini ulimpa. Mapenzi yale hayakudumu, na Salim anaishia ugenini. Siasa za wakati ule na hofu za jamaa zina sehemu yake katika jambo hilo. Walakini hata kushindwa kwake ni kwa mtu aliyekwisha kuonja uenyeji, si kwa mtu aliyetazama dirishani.

Hadithi fupi iitwayo "Leaving", katika Uhuru Street, yaenda mbali zaidi, nami naiona kuwa ndiyo ufunguo wa mambo haya. Kijana Aloo, mtoto wa mjane aliyekuwa na duka, ni hodari wa masomo. Anatumaini kusomea udaktari. Chuo kikuu cha hapa nyumbani champa nafasi ya kusomea kilimo. Anaandika barua Marekani, anakubaliwa huko, na mama yake, kwa uchungu mwingi, anamwachia aende.

Hapa mtu anayetaka kunipinga atapata silaha. Atasema: huyu alipewa jembe, tena jembe la hakika, la kilimo, naye akalikataa. Je, methali haikushindwa? Mimi nasema haikushindwa, imefasiriwa. Methali haikusema mgeni atupiwe jembe. Ilisema apewe, na kupeana kuna uso wa mtu mwenye kutoa na uso wa mtu mwenye kupokea. Nchi changa ilihitaji wataalamu wa kilimo, na haja hiyo ilikuwa ya haki. Lakini katika hadithi hakuna mtu anayeketi na Aloo kumwambia: nchi hii ni yako, shamba hili ni letu sote, na kazi hii twakuomba wewe kwa sababu wewe ni wetu. Anapokea karatasi. Mtoto aliyelelewa katika mtaa wa mjini, ambaye hakuna somo lililompeleka kuliona shamba kuwa lake, anaisoma karatasi hiyo kama hukumu. Naye anafanya afanyavyo mgeni akihukumiwa: anafunga mizigo.

IV

Sasa tumtazame Kezilahabi. Huyu alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Botswana, akafariki mwaka 2020. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Kichwamaji ikafuata mwaka 1974.

Rosa anatoka nyumba ya baba mkali asiyemruhusu hata kuzungumza na wavulana. Anakwenda shule ya bweni Mwanza, na huko anaukuta ulimwengu ambao nyumba haikumwandaa kuuingia. Kwa kawaida riwaya hii husomwa kuwa onyo juu ya malezi, nayo ni onyo kweli. Lakini yaweza kusomwa pia kuwa habari ya msichana mgeni. Nyumbani alifungwa, shuleni aliachiwa, hapakuwa na mahali pamoja ambapo alikabidhiwa jambo la kulinda, kuamua au kutenda ambalo wengine walilitegemea. Kufungwa na kuachiwa vyaonekana kuwa vitu viwili vinavyopingana, kumbe vyote viwili vyamfanya mtu asiwe na kazi katika nafsi yake. Mwisho wake ni kujiua.

Kazimoto wa Kichwamaji amekwenda mbali kuliko Rosa. Yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Kila hatua ya elimu imemwongezea maneno na kumpunguzia watu. Arudipo kisiwani kwao ni mtazamaji katika nyumba ya wazazi wake. Maswali yake hayana mwenye kuyajibu, na majibu ya wazee hayamtoshi. Naye pia anajiua. Jina lake lina dhihaka ya uchungu: Kazimoto, mtu ambaye hakuna kazi yenye moto iliyomshika.

Basi tuwaweke watu hawa pamoja. Aloo ni Mhindi, Mwislamu, mtoto wa mjini, ambaye nchi yamdhania kuwa mgeni. Kazimoto ni Mkerewe, mtoto wa kijiji, ambaye hakuna mtu awezaye kumwambia ya kuwa si wa nchi hii. Kwa hesabu ya kabila na rangi hawana jambo moja. Lakini wa kwanza anaondoka nchini, na wa pili anaondoka duniani, na shule imewapitisha wote wawili katika mlango uleule. Nani basi ni mgeni? Twazoea kudhani ya kuwa katika darasa kuna wenyeji wengi na wageni wachache, na kazi ya mwalimu ni kuwasaidia wale wachache wafanane na wale wengi. Waandishi hawa wawili, bila ya kusemezana, wanatuonyesha ya kuwa darasa lote laweza kuwa la wageni, wengine wakijua na wengine wasijue. Methali nyingine husema mgeni ni kuku mweupe, yaani huonekana upesi. Kariakoo kuku mweupe alikuwa Aloo. Kazimoto alikuwa mgeni asiyeonekana, na kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumkimbilia.

Hili laweka sawa shauri la jinsi ya kuwasaidia watoto wa asili mbalimbali. Si hisani kwa wachache. Mwalimu anayemtafutia jembe kuku mweupe atagundua kuwa nusu ya darasa ilikuwa ikilingoja jembe hilo hilo. Ndiyo maana wazee walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone.

V

Hapana budi niseme juu ya lugha, maana hilo ndilo jembe kubwa kuliko yote tuliyo nayo, tena ndilo rahisi kugeuzwa ua.

Kiswahili kimewafanya watu wa makabila zaidi ya 120 waweze kugombana na kupatana bila ya mkalimani. Katika Kariakoo kilifanya kazi hiyo kabla ya Serikali yoyote kukiamuru. Kilikuwa lugha ya mtu ambaye si ya kwao na bado ni yake. Lakini Kiswahili cha shule kina historia yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha vitabu. Faida ilikuwa kubwa. Vitabu vyetu vyote vimesimama juu ya kazi hiyo. Hasara ilikuwa kwamba mwalimu alipata kalamu nyekundu ya kukata ulimi wa mtoto. Mtoto wa Kisukuma akichanganya sauti mbili hucheka darasa zima. Mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi husema Kiswahili alichozaliwa nacho, akaambiwa ya kuwa si Kiswahili. Mtoto wa Pemba, ambaye lahaja yake ina maneno aliyoyatumia mshairi wa zamani, huandikiwa kosa na mtu anayewasifu washairi hao hao katika kipindi kinachofuata.

Sisemi sanifu iachwe. Mtihani utakuja, na mtoto asiyeijua ataumia. Nasema ya kuwa kusahihisha kuna namna mbili. Namna moja humwambia mtoto: neno lako ni kosa. Namna ya pili humwambia: neno lako latumika kwenu, hebu tueleze, hapa katika kitabu twaandika hivi. Kwa namna ya kwanza mtoto hupokea sahihisho. Kwa namna ya pili hutoa elimu kwanza, kisha hupokea sahihisho. Tofauti ni dakika moja ya kipindi, na dakika hiyo ndiyo siku ya tatu.

Kisha kuna ua mwingine, mrefu zaidi. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za kulipiwa zinazofundisha kwa Kiingereza zimeongezeka mjini, na katika shule za sekondari Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Tume ya mwaka 1982, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, ilishauri Kiswahili kiendelee mpaka sekondari. Shauri hilo halikutekelezwa. Katika shule nyingi kibao kinamwamuru mtoto aseme Kiingereza tu tangu aingiapo langoni, na akisahau hupewa adhabu. Naelewa wazazi wanachokitaka. Wanataka mtoto wao asifungiwe dunia. Kiingereza ni mali, na mali haina kosa. Lakini kibao kile chamwambia mtoto ya kuwa lugha anayoitumia kumwomba mama maji ni uchafu wa kufutwa miguuni kabla ya kuingia. Wakoloni walizitenga shule kwa rangi. Sisi twakaribia kuzitenga kwa karo na lugha. Watoto wawili wa ghorofa moja ya Kariakoo waweza tena kuagana asubuhi, mmoja akipanda basi la shule yake na wa pili akigombania daladala ambayo kondakta wake hamtaki kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo.

VI

Mhakiki asiyeonyesha lililo jema ni mlalamikaji tu. Nitataja mambo matatu, yote ya karibu.

La kwanza ni shule ya Uhuru Mchanganyiko, ambayo huwapokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Msomaji aweza kusema kwamba ulemavu si utamaduni. Ni kweli. Lakini shule ya namna hiyo yalazimika kujifunza jambo ambalo shule nyingine zaweza kulikwepa miaka mingi: ya kuwa mtoto tofauti hatakuwa sawa na wengine hata atamani namna gani, na kwa hiyo ni shule itakayobadilika. Aonaye husoma ubao kwa sauti kwa ajili ya asiyeona; asiyeona, mwenye masikio makini, aweza kumshinda mwenzake katika imla na hesabu ya kichwa. Hapo msaada una njia mbili, kwenda na kurudi. Msaada wa njia moja ndio umfanyao mtu mgeni wa milele.

La pili ni mitaa yenyewe. Darasa la Kariakoo laweza kutembea saa moja na kurudi na somo la historia, jiografia na lugha. Nani aliyewapa mitaa majina haya? Likoma iko wapi? Mtoto mwenye babu wa Kinyamwezi, na yule ambaye baba yake huleta vitenge kutoka Kongo, na yule ambaye jamaa zake wana duka la nguo tangu kabla ya Uhuru, kila mmoja ana ukurasa ambao mwalimu hana. Soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli, mwana wa nchi hii, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, lina habari za kuulizwa kwa wazee wake. Jembe la namna hii halihitaji bajeti. Lahitaji mwalimu asiyeona haya kuwa mwanafunzi kwa saa moja.

La tatu ni vitabu. Riwaya zetu zinazosomwa sana shuleni zimetupeleka kisiwani, kijijini, bandarini na mashambani. Hazikuliweka katikati darasa la Kariakoo, lenye Fatuma, Neema, Mwajuma na Zulekha. Habari ya mtaa huo kwa sehemu kubwa tumemwachia mwandishi wa Kiingereza aliye ng'ambo, kisha twamlaumu kwa kutazama kutoka mlango wa duka. Ni nani aliyemwonyesha mlango mwingine? Pengo hili ni la waandishi wa Kiswahili na walimu wao. Mtoto anayeukuta mtaa wake katika kitabu cha darasani, umeandikwa kwa lugha ya darasani, amekwisha kupewa sehemu ya shamba.

Wanachuo wanaosoma kurasa hizi wana sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko watu wengine. Chuo hiki hakikuzaliwa mlimani. Mwezi Oktoba 1961 kilianza kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kando ya Kariakoo, na kikahamia Mlimani mwaka 1964. Wakati ule chuo chenyewe kilikuwa mgeni, hakina nyumba. Waliokikaribisha walikuwa chama cha watu ambao wengi wao hawakupata kusoma. Hawakukipa chumba tu. Walikipa kazi: kulitumikia taifa ambalo lilikuwa bado halijapata Uhuru wake, likisubiri wiki chache. Kikalima.

Vassanji na Kezilahabi wametuachia vijana waliopita shuleni pasipo kukabidhiwa kitu. Tukiwasoma kwa ajili ya mtihani peke yake, tutajua majina yao na mwisho wao. Tukiwasoma kama walimu watarajiwa, tutaingia darasani tukiwa na swali moja la kujiuliza kabla ya kuita majina: ni yupi kati ya hawa ambaye hajapewa jembe, na ni shamba gani nitakalomwonyesha leo?